Fundi ni mbishi, au barakoa imebebeshwa kazi isiyo yake?

Ukigusia mambo ya usalama saiti, makontrakta wana jibu lao tayari: "barakoa tunawapa, wanazishusha kidevuni, sasa tufanyeje, tuwashikie?" Na si uongo. Pita kwenye jengo lolote linalopanda utamkuta jamaa anakata tofali la zege na grainda, helmeti kichwani, reflekta kifuani, buti miguuni, afu barakoa inaning'inia shingoni kama kitambulisho. Basi watu wanamaliza kesi hapohapo, mafundi wabishi.

Mi naona tunawaonea.

Kuanguka kutoka juu kila mtu anakuogopa, na ni haki yake, maana kunaua papo hapo na watu wanakimbilia kuona. Vumbi halikimbiliwi na mtu. Jioni fundi anajikung'uta nguo, anakohoa kidogo, anatema, anaenda zake nyumbani. Ila ndani ya lile vumbi la zege, tofali, mawe na tailizi kuna silika, madini yaliyomo kwenye mchanga na mawe, na ukikata au kuchoronga vikiwa vikavu inatoka laini kiasi kwamba pua haiwezi kuizuia, inashuka mpaka mwisho kabisa wa mapafu inaacha makovu, na hayo makovu hayaponi. Silikosisi, yaani huo ugonjwa wa makovu ya mapafu, ile ya kawaida inajitokeza baada ya miaka 10 au zaidi, wakati huo fundi keshapita saiti ngapi sijui, sasa amdai nani? Na wengine wanaambiwa tu ni TB, ambayo kweli inampata kirahisi mtu mwenye silika kifuani, kwa hiyo kisa kinafichika ndani ya kisa kingine.

Kuna namba moja huwa hainitoki kichwani. Marekani, kwa kanuni yao ya 2016, kiwango cha juu ni mikrogramu 50 za silika kwenye kila mita ya ujazo ya hewa, wastani wa masaa 8. Ukiisoma hivihivi haikuambii kitu. Sasa piga hesabu: mtu anayefanya kazi anavuta kama mita za ujazo 10 kwa shifti, mara 50 ni mikrogramu 500, yaani nusu miligramu. Punje moja ya sukari ina uzito wa karibu na hapo. Punje moja! Isage iwe unga usioonekana, umwagie mtu huo unga kwenye hewa anayovuta kutwa nzima, hapo ndo kafika mwisho wa kiwango. Halafu mrudie yule jamaa wa grainda, lile wingu jeupe mpaka nyusi zimekuwa za babu, punje yake kaimaliza hata kupumzika mara ya kwanza bado.

Kwa wingu kama hilo ndo tunampa kibarakoa kile chepesi cha hospitali, ambacho pembeni kote kinapitisha hewa. Hata ile nzuri yenye kichujio, kama una ndevu haikai sawa, na uipandishe nayo ngazi na mfuko wa simenti begani, miwani imejaa mvuke, formeni anakuuliza kitu hakusikii unavyojibu, na malipo yenyewe kwa mita ulizomaliza. We ungeivaa masaa 8?

Upande wa kontrakta nao tuwe wakweli, una uzito. Tenda inachukuliwa na mwenye bei ya chini, vibarua wa leo si wa kesho, kwa hiyo unamfundisha mtu harudi. Na kukata kwa maji, yaani kumwagia maji pale unapokata ili vumbi lisiruke, kunaleta tope la kuteleza, ukikosea na umeme ndo balaa kabisa. Kuna mafundi pia wanaozima maji wenyewe kwa sababu hawaoni mstari wa kukatia. Hayo yapo.

Ila wataalamu wa usalama siku zote wanaweka barakoa mwisho kwenye foleni. Kwanza ondoa hatari yenyewe, ukishindwa ibane inapotokea, kwa maji au mashine ya kufyonza vumbi, ndo baadaye umfikirie mvaaji. Sisi tumeanzia mkiani. Australia walikuwa na kesi ya vijana wanaokata yale mawe ya kutengenezwa ya kaunta za jikoni, yenye silika nyingi kupita kiasi, wakawa wanaugua mapema mno, na pamoja na kanuni na barakoa zote mwishowe tarehe 1 Julai 2024 jiwe lenyewe likapigwa marufuku. Hawakuishia kwenye ubishi wa fundi.

Nilishawahi kuona mashine ya kukatia ambayo ina mpira wake wa maji, umekunjwa vizuri umefungwa na waya kwenye mpini. Nikamuuliza fundi mbona hautumii. Akasema formeni hataki tope kwenye sakafu mpya. Barakoa alikuwa nayo, shingoni.