Mkopo wa asilimia 10 haujui kuku anataga lini

Kwa mfugaji mwenye banda nyuma ya nyumba Mbagala, au mkulima wa mchicha wa Kinyerezi, jijini Dar es Salaam, mkopo wa halmashauri ni karibu mkopo pekee usio na riba anaoweza kuuomba, kupitia kikundi, bila hati ya nyumba. Sheria inaitaka kila halmashauri nchini Tanzania itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani yasiyolindwa, yaani yasiyopangiwa tayari matumizi maalumu: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 serikali ilisimamisha utoaji, baada ya ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuonyesha mabilioni yasiyorejeshwa na vikundi hewa. Mwaka 2024 mikopo ilirudi na kanuni mpya, na halmashauri 10 zikateuliwa kujaribu kuitoa kupitia benki.

Wanaoutetea mpango huu wana hoja nzito. Anayeukosa huangukia kausha damu, yaani mikopo ya mitaani yenye riba kubwa, na hakuna banda la kuku 100 linaloweza kubeba riba ya namna ile. Wanaoulalamikia nao hawakosei: hizi ni fedha za ushuru wa soko na leseni za biashara, na kikundi kisiporejesha, kikundi cha mtaa wa pili kinakosa. Tatizo ni kwamba mjadala wote umeelemea kwenye uaminifu wa wakopaji. Wako wanaoshindwa kulipa kwa sababu ratiba ya marejesho ilipingana na mradi wenyewe tangu siku ya kusaini.

Tuchukue kuku 300 wa mayai, na mkataba unaotoa miezi mitatu kabla ya rejesho la kwanza. Kuku huanza kutaga wiki ya 18 hadi ya 20, yaani katika mwezi wa tano. Mpaka hapo kila mmoja amekula kilo 7 hadi 8 za chakula, na banda zima limemaliza mifuko kama 45 ya kilo 50 kabla ya yai la kwanza kuuzwa. Rejesho la mwezi wa nne litatoka wapi? Linatoka kwenye chakula. Mfugaji anapunguza kipimo au anaongeza pumba ili mfuko usogee. Kuku wanafika wiki ya 18 wakiwa na kilo moja na robo badala ya kilo moja na nusu hivi, wanachelewa kutaga, na wakianza utagaji wao haupandi juu. Banda lililopaswa kutoa trei 8 kwa siku linaishia trei 5 au 6, na pengo hilo halizibiki kirahisi hata ukiwalisha vizuri baadaye. Kwenye vitabu vya halmashauri huyo ataandikwa mdaiwa sugu.

Mchicha ni habari nyingine kabisa. Unavunwa wiki ya tatu au ya nne, na mkulima anayepanda matuta machache kila wiki anapata fedha kila wiki. Kumpa miezi mitatu bila rejesho ni kumzoesha kutumia fedha ambayo angeweza kuirudisha kidogo kidogo bila kuumia. Kuku wa nyama wako katikati: wiki 5 hadi 6, na kuku 500 wanahitaji mifuko ya chakula kama 35. Mfugaji wao anafaa kulipa kila anapouza kuku wa banda zima, si kwa tarehe ya mwezi. Kinachomuumiza zaidi ni fedha kuchelewa. Anayelenga soko la Krismasi lazima vifaranga viingie bandani katikati ya Novemba. Mkopo ukitoka Januari, andiko la mradi linakuwa limekwishapitwa na soko.

Ipo hoja ya kutoa fedha kwa awamu mbili: ya kwanza kwa banda, vyombo, vifaranga, chanjo za magonjwa ya Gumboro na mdondo, na chakula cha wiki 8, ya pili baada ya afisa mifugo wa kata kuhesabu kuku. Naiunga mkono, ila kwa woga. Awamu ya pili ikichelewa wiki tatu, kuku wanakonda na hasara inazidi ile ya kutokopa kabisa. Kwa hiyo tarehe yake iandikwe kwenye mkataba, na ukaguzi usipofanyika ndani ya siku saba fedha itoke. Kupitisha mikopo benki hakutibu jambo hili. Benki inafuatilia marejesho vizuri kuliko ofisi ya kata, lakini haiingii bandani.

Suala la kikundi nalo linahitaji kutazamwa upya. Wanawake watano wanaweza kugawana matuta, kila mmoja akamwagilia na kuuza lake, na deni likabaki la wote. Vifaranga havigawiki hivyo. Wiki ya kwanza jiko la mkaa likizimika saa nane usiku, vinarundikana na kufa, na zamu ya watu watano mara nyingi ndiyo inayozaa usiku usio na mtu. Kikundi kiwe mdhamini, banda liwe na mwenyewe. Mkaguzi anayekuta fedha zimegawanywa huandika matumizi mabaya. Kwa mboga, mgawanyo huo unaweza kuwa ndio uliookoa mradi.

Jambo la mwisho ni maji, na hapa wanaotaka masharti makali wako sahihi kabisa. Matuta 20 ya mita 1 kwa 10 yanataka karibu lita 1,000 kwa siku ya jua, yaani ndoo 50 kubwa. Bonde la Msimbazi lina maji hayo bila bili, ila ni maji yanayopokea taka za viwandani na vyooni, na anayelima hapo anaweza kuhamishwa wakati wowote. Fedha ya umma isinunue mbegu ya tuta la namna hiyo. Mwombaji aonyeshe kisima au bomba, na gharama ya ndoo hizo 50 iwemo kwenye andiko, hasa kwa miezi ya Agosti na Septemba visima vinaposhuka.