Madini ya Risasi ya Owino Uhuru na Maji ya Flint

Kila nirudipo Mombasa, binamu yangu wa Mikindani hunikumbusha kwamba Marekani mnyonge hahitaji wa kumpigania, kwa kuwa huko sheria humfuata mwenyewe hadi mlangoni. Mimi naishi huku Marekani, jimbo la Michigan, si mbali na mji wa Flint, na niliyoyaona hapa hayakubaliani naye.

Aprili 2014, ili kubana matumizi, mji wa Flint ulianza kutumia maji ya mto wake bila kuyatia dawa ya kuzuia mabomba yasiliwe, na madini ya risasi ya mabomba ya zamani yakaingia kwenye maji ya kunywa. Wakazi walipopeleka mikutanoni chupa za maji yenye rangi ya kutu, waliambiwa kwamba maji ni salama. Mama mmoja, LeeAnne Walters, alishikilia maji ya nyumbani kwake yapimwe, yakakutwa na risasi kiasi cha sehemu 104 kwa kila sehemu bilioni za maji, ilhali wakati huo hatua zilitakiwa kuchukuliwa ikizidi sehemu 15. Hata Daktari Mona Hanna-Attisha alipoonyesha, Septemba 2015, kwamba risasi imeongezeka katika damu ya watoto, wakubwa walianza kwa kumbeza. Nakumbuka bibi mmoja niliyempelekea maboksi ya maji: alikuwa akipasha maji ya chupa kwenye sufuria ili amwogeshe mjukuu wake, na vifuniko vya chupa vimejaa bakuli zima.

Nilipomwona bibi yule niliikumbuka Owino Uhuru, mtaa wetu wa Mombasa ambao kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilijengwa ukutani mwake. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho mwanawe mchanga alipougua, na vipimo vikaonyesha sumu ya risasi. Angeweza kumtibu mtoto akanyamaza. Badala yake aliwakusanya majirani, na mwaka 2012 akakamatwa na kushtakiwa kwa uchochezi, hadi mahakama ilipomwachilia huru. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014.

Hapo ndipo ninapoona tofauti. Walters alidharauliwa, Omido akatiwa mbaroni. Wala si kwamba sheria zetu ni duni, kwani kifungu cha 42 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba kuna aliyekwisha kuumia, haki ambayo haikuandikwa popote katika katiba ya Marekani. Kinachokosekana kwetu ni ulinzi wa yule anayethubutu kuitumia. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Flint nako fidia ya dola milioni 626 iliidhinishwa mwaka 2021, lakini hakuna kiongozi aliyefungwa jela.

Binamu yangu aliwahi kuombwa atie saini malalamiko dhidi ya kiwanda kingine cha jirani, akakataa, kwa sababu kibarua chake kilikuwa humo humo. Mimi simlaumu. Ninalotaka kwa serikali yetu ni kwamba mtu kama yeye aweze kutia saini asubuhi, na jioni arudi kazini kwake bila ya kufuatwa na askari.