Sare iliyokunjwa: je, filamu za ukungu ziliivunja moyo Ufaransa?

Kabla mwongozaji Marcel Carné hajaanza kupiga filamu ya Le Quai des brumes, yaani Gati la Ukungu, Wizara ya Vita ya Ufaransa ilimpa masharti. Neno "mtoro" lisitamkwe hata mara moja, ingawa mhusika mkuu ni askari aliyetoroka jeshi. Na atakapovua sare yake asiitupe, bali aikunje vizuri na kuiweka kitini. Carné mwenyewe alikisimulia kisa hiki miaka ya baadaye. Filamu ikatoka Mei 1938. Sare imekunjwa, neno halisikiki, na hakuna aliyekaa ukumbini asiyejua anamtazama nani.

Filamu za aina hii wahakiki waliziita za uhalisia wa kishairi. Zipo nyingi, ila zinazotajwa kwanza ni chache: Pépé le Moko ya Julien Duvivier (1937), La Bête humaine ya Jean Renoir (1938), na mbili za Carné zilizoandikiwa mazungumzo na mshairi Jacques Prévert, yaani hiyo ya ukungu na Le Jour se lève (1939). Jean Gabin yumo katika zote nne, na katika zote nne anakufa. Huwa ni mtu wa kawaida, mkono wake una damu au utakuwa nayo muda si mrefu. Anampenda mwanamke, wanajaliwa usiku mmoja au mbili za furaha, kisha mambo yanafunga. Kuna mvua, taa ya mtaani, meli inayong'oa nanga bila yeye. Ukishaziona mbili, ya tatu unaijua mwisho wake kabla hujaketi, na bado unaketi.

Swali lililozuka zamani ni kama uzuri huo ulikuwa sumu. Juni 1940 Ufaransa ilianguka mbele ya Wajerumani baada ya wiki sita hivi za mapigano, na utawala wa Vichy, serikali ya Kifaransa iliyoshirikiana na Wajerumani, ukaanza kutafuta wa kubebeshwa lawama. Zikalaumiwa likizo zenye malipo walizopata wafanyakazi mwaka 1936, likalaumiwa juma la kazi la saa 40, na ikalaumiwa Le Quai des brumes. Eti taifa lililokwenda sinema kumtazama mtoro lilijifunza kutoroka. Carné alijibu kwamba kipimahewa hakilaumiwi kwa dhoruba kinayoitabiri.

Shtaka hilo la Vichy sioni haja ya kukaa nalo sana. Majenerali walioshindwa hawakushindwa kwa sababu ya tiketi za sinema. Tena waliotengeneza ukungu huo walikwenda vitani kama wengine. Maurice Jaubert, mtunzi wa muziki wa filamu zote mbili za Carné, alifariki kwa majeraha ya vita Juni 1940, siku chache kabla mapigano hayajasitishwa. Gabin aliondoka Hollywood akajiunga na jeshi la Ufaransa Huru, akaongoza kifaru katika divisheni ya Leclerc. Ni kweli pia kwamba Robert Le Vigan, anayeigiza mchoraji aliyekata tamaa katika Le Quai des brumes, aliwatumikia wavamizi. Kwa hiyo mwenye kutaka ushahidi wa upande wowote ataupata, na ndiyo maana ushahidi wa aina hiyo haunisaidii.

Shtaka zito lilitoka upande wa pili, kwa Renoir, aliyekuwa karibu na wakomunisti wakati ule. Inasimuliwa kwamba aliiita filamu ya Carné ya kifashisti: inaonyesha watu waliooza kiasi kwamba mtazamaji anatoka ukumbini akitamani dikteta mwenye fimbo. Prévert alikasirika vibaya. Kuna kichekesho hapa, maana kabla mwaka haujaisha Renoir naye alitoa filamu ya dereva wa garimoshi mwenye ugonjwa wa kurithi, anayemuua mpenzi wake na kujirusha kutoka kwenye injini inayokwenda. Mwaka uliofuata La Règle du jeu, ambayo pia ni yake, ikafungiwa na wakaguzi kwa kosa lile lile la kuvunja watu moyo. Nyani haoni kundule, lakini hilo halimaanishi kwamba anachosema ni uongo.

Mimi naona jibu la kipimahewa ni tamu ila linakwepa. Kipimahewa hakichagui mahali pa kuweka taa. Alexandre Trauner, mbunifu wa mandhari, alijenga studioni ile nyumba ya Le Jour se lève ikiwa ndefu, imesimama peke yake, na akasisitiza ghorofa zisipunguzwe, kwa sababu mtu aliyejifungia juu baada ya kuua, polisi wakiwa wamemzingira, alipaswa kuonekana ametengwa na wote walio chini. Huo ni uamuzi wa msanii, na msanii huulizwa.

Tuulize basi: majaliwa ya filamu hizi yanatoka wapi? Kiswahili kina neno moja, ajali, kwa gari lililopinduka na kwa siku ya mtu iliyofika. Kwetu siku hiyo ina mwenyewe. Mfiwa akiambiwa kazi ya Mungu haina makosa, anaambiwa kwamba yupo aliyepanga. Kwa Prévert, aliyekuwa na ugomvi wa kudumu na kanisa, hakuna aliyepanga. Ndiyo maana ukiikagua kila ajali katika filamu hizi unakuta mtu au kitu kimeisukuma. François wa Le Jour se lève anasafisha vyuma kiwandani kwa mchanga unaopulizwa, kazi inayokula mapafu, na maua anayoletewa pale na binti anayempenda yananyauka palepale. Bastola inayomharibia maisha hakuitafuta. Valentin, laghai anayefundisha mbwa michezo, ndiye aliyeileta chumbani kwake na kumchokoza mpaka akaitumia. Hata mabomu ya machozi ya mwisho yana historia. Novemba 1938 polisi waliwatoa wafanyakazi wa Renault kiwandani Billancourt kwa mabomu hayohayo, na mgomo mkuu wa tarehe 30 mwezi huo ukashindwa. Miezi michache baadaye Carné alikuwa katika studio za Billancourt akipiga tukio la polisi wanaorusha mabomu kwenye chumba cha mfanyakazi.

Kwa hiyo utetezi upo, na ni mzuri. Kasoro ni kwamba ukungu ni mzuri mno. Unafunika visababishi vyote mpaka mtazamaji anatoka akisema "masikini, haikuwa riziki yake", wakati filamu yenyewe imemwonyesha kiwanda, sare na polisi. Na kuna ambavyo haukuvifunika tu bali ulivimeza kabisa. Mwanzoni mwa Le Quai des brumes, ndani ya lori, askari Jean anaongea kuhusu kuua kule Tonkin, koloni la Ufaransa katika Vietnam ya leo. Anasema ni rahisi kama kulenga shabaha kwenye maonyesho. Unadhani deni hilo litamrudia. Halirudi. Kinachomkuta katika bandari ya Le Havre na kumwangusha barabarani ni ugomvi na wahuni wa Kifaransa. Waliokufa Tonkin hawatajwi tena. Pépé le Moko nayo inafanyika Casbah, mtaa wa kale wa Algiers, sehemu kubwa ikiwa imejengwa studioni Ufaransa, na Slimane, mpelelezi mwenyeji, anaigizwa na Lucas Gridoux, mzaliwa wa Romania. Waalgeria ni umati wa ngazini. Mwenye kufungwa na hatima mjini mwao ni jambazi kutoka Paris! Nikitazama kutoka Afrika, hapo huruma yangu kwa Pépé hupungua, ingawa anapojiua getini mwa bandari, na mpenzi wake melini ameziba masikio kwa kelele za honi, nashikwa na koo kila mara.

Kipimo changu cha mwisho ni tukio moja la Le Jour se lève. François yuko dirishani, umati umejaa chini. Jirani na wafanyakazi wenzake wanamwita kwa jina, wanamwambia ashuke, wao wanamjua ni mtu mwema na watamtetea. Anawafokea waondoke, wamwache peke yake. Renoir angeweza kulishika tukio hili na kushinda kesi: mshikamano wa wafanyakazi wa 1936 unaita kutoka barabarani, na mshairi anamfungia mtu wake mlango.

Wamarekani waliufungua. Studio ya RKO ilinunua haki, ikajaribu kuteketeza nakala za filamu ya Kifaransa, na mwaka 1947 ikatoa The Long Night, Henry Fonda akiwa ndiye mtu wa juu. Fonda anasikiliza, anashuka, anaishi. Kisiasa huo ndio mwisho ambao ningeutaka, na siuamini hata kidogo, kwa sababu anayemshawishi ashuke ni mapenzi, huku mchanga wa kazini ukisahaulika. Wa Carné nauamini na unaniudhi. Wale wa chini walikuwa wametoka kushindwa mgomo wao. Ahadi yao ya kumtetea ilikuwa ya kweli na haikuwa na nguvu, na François, aliyevuta mchanga ule kila siku, alijua yote mawili.

Kunapambazuka. Mlio mmoja wa risasi umeshasikika ndani. Mabomu yanarushwa juu ya mwili uliokwisha kufa, moshi unatambaa sakafuni, na saa ya kengele aliyoitega kwa ajili ya zamu ya asubuhi inaanza kulia. Carné anaiacha ilie.