Swali Ambalo Dodoso Langu Halikuwa Nalo

Kila ifikapo Julai, vijiji vingi vya mkoa wa Morogoro huanza kupokea wanafunzi wa vyuo vikuu, begi mgongoni na barua ya utambulisho mkononi, wakiulizia kwa mtendaji wa kijiji ni kikundi gani cha wakulima kinachoweza kuwapokea. Nami nilikuwa mmoja wao. Ninaandika makala haya kwa sababu naona kosa nililolifanya wakati ule bado linafanyika: tunaviita vikundi hivyo washirika wetu katika masuala ya chakula, ilhali swali la utafiti tumekwisha kuliandika, likapitishwa na kuchapwa, kabla hatujasalimiana na mwanakikundi hata mmoja.

Kikundi changu kilikuwa cha akina mama wa wilaya ya Kilosa waliokuwa wakihifadhi mahindi kwa pamoja ili wayauze bei inapopanda. Nilikwenda na dodoso la kurasa nane kuhusu uelewa wa kaya juu ya sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka, pamoja na kipima unyevu cha kuazima ambacho betri yake iliisha siku ya pili, na duka la kijijini halikuwa na betri za aina hiyo. Mama mwenyekiti aliponiona nikikigongagonga kile kifaa alicheka, akaniambia, "Mwanangu, usihangaike." Alileta chupa ya kioo iliyokauka vizuri, akatia vijiko vitatu vya chumvi iliyoanikwa juani, akajaza punje za mahindi hadi theluthi ya chupa, akafunga kifuniko, akatikisa kwa dakika kadhaa kisha akaiacha itulie. Chumvi ikabaki imeganda kwenye kuta za chupa. "Haya bado," akasema, na akina mama wakarudi kuyasambaza kwenye turubai. Halafu akaniuliza swali ambalo sikuwa na pa kuliandika: "Chumvi ikishaacha kushika, tuanike siku ngapi zaidi ndipo tufunge magunia?"

Nililichukulia kama swali dogo. Miaka ilipita kabla sijatambua kwamba lilikuwa zito kuliko dodoso langu lote. Chumvi hushika chupa pale ambapo unyevu wa mahindi unazidi asilimia 15 hivi, wakati kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kinataka usizidi asilimia 13.5. Kwa hiyo kuna pengo ambalo chupa haiwezi kulionyesha, na ni katika pengo hilo ambamo kuvu hupata nafasi ya kuendelea na kazi yake gunia likiwa limeshonwa. Mwaka 2016, watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua kwa sumukuvu, na 20 kati yao walifariki. Sumu hiyo haionekani kwa macho wala haiishi kwa kuchemshwa, na ugali wa mahindi yaliyoathirika unaweza usiwe na tofauti yoyote mdomoni. Mwenye kuuliza siku za kuanika, basi, alikuwa akiulizia usalama wa chakula cha wanawe, na jibu lake lilihitaji mtu mwenye kipima unyevu kinachofanya kazi, akae hapo wiki tatu, apime kila jioni mahindi ya kwenye kichanja, ya kwenye turubai na yaliyomwagwa kwenye ardhi tupu. Kazi hiyo inamtosha kabisa mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Mimi niliendelea kuuliza idadi ya miaka ya shule na ukubwa wa shamba kwa ekari.

Ipo pia habari ya kalenda, ambayo huzungumzwa kidogo mno. Mafunzo kwa vitendo mara nyingi huangukia likizo ndefu ya katikati ya mwaka, wakati mvua za masika zimekwisha na mahindi yamekwisha kuvunwa au yanamalizikia. Mwanafunzi anaweza kumaliza masomo yake yote ya kilimo bila kuwa kijijini siku ya kupanda. Wengi hulilalamikia jambo hili. Mimi naona tungeweza kulitumia. Miezi hiyo ndiyo ya kukausha, kupukuchua, kuhifadhi na kuuza, na humo ndimo vikundi vingi vinamopata hasara. Anayekuja Agosti na kuuliza habari za mbegu na mbolea amewakuta watu wakiwa na shughuli nyingine.

Kuna wanaofanya vizuri zaidi, na wapo hapo hapo Morogoro. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na shirika la SAT, linalofundisha kilimo hai, wameshirikiana katika utaratibu ambao wakulima na watafiti huketi pamoja, wakulima wakataja matatizo yao na wanafunzi wakayafanya kuwa mada za tafiti zao.

Najua pingamizi. Msimamizi atasema swali la kijijini halina nadharia ndani yake, na pengine atakuwa sahihi. Isitoshe, si kila kikundi kina swali. Vingine, tuseme ukweli, vimeundwa ili kusubiri mradi, na ukiwauliza shida yao watakutajia trekta. Hata hivyo, kulichuja swali ni sehemu ya elimu ambayo mwanafunzi amekwenda kuitafuta, na siku mbili za kukaa barazani kabla ya kuandika andiko la utafiti si gharama kubwa. Ningependa pia sehemu ya alama itolewe baada ya mwanafunzi kusimama mbele ya kikundi na kueleza kwa Kiswahili alichokipata, kwa sababu ripoti yangu iliandikwa kwa Kiingereza, ikajaladiwa, na hakuna hata mmoja kati ya waliojibu maswali yangu aliyeiona.

Nilirudi kijijini miaka minne baadaye, kwa shughuli nyingine. Mama mwenyekiti alinikumbuka, akaniuliza kama nilifaulu, nikamwambia nilifaulu. Nilipomuuliza kuhusu zile siku za kuanika alinijibu kwamba siku hizi huongeza siku tatu za jua kali. Walifikia hapo kwa kuweka alama kwenye magunia na kulinganisha yapi yalitoa harufu ya uvundo yalipofunguliwa. Msimu wa kwanza magunia sita yaliharibika.