Kambi ya kifahari ikaguliwe kuanzia nyuma ya jikoni

Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Njoro, Makalia na Nderit huleta maji, jua huyakausha, na kila kilichokuja nayo hubaki humo: chumvi, mbolea, sabuni, mafuta ya kukaangia. Kwa hiyo kambi ya kifahari ikijengwa karibu na ziwa hili, au jirani yake Elementaita, na kujitangaza kuwa inahifadhi wanyamapori, ukaguzi uanzie kwenye bomba la maji taka. Picha ya mgeni akipanda mche inaweza kusubiri.

Tupige hesabu ya kambi ya mahema 12, yaani wageni 24, na wafanyakazi 40. Mgeni mwenye bafu lake, choo cha kuvuta na taulo za kufuliwa kila siku humaliza lita 250 bila kujua. Mfanyakazi mpe lita 80. Hizo ni lita 9,200 kwa siku. Tangi la septiki, yaani tangi la chini ya ardhi linalopokea maji taka, linapaswa kuyatuliza maji hayo kwa siku mbili hivi, na libaki na nafasi ya tope, kwa hiyo lisipungue lita 25,000. Kosa linaloumiza ni kupima tangi kwa idadi ya vitanda vya wageni na kuwasahau wanaowahudumia. Likizidiwa, tope huondoka na maji.

Maji ya jikoni yasiingie humo moja kwa moja. Yapite kwanza kwenye mtego wa mafuta, nao usafishwe kila wiki. Ukiachwa mwezi mzima, mafuta huganda, huvuka hadi kwenye tangi, na mwishowe huziba changarawe za kitanda cha matete. Kitanda hicho, kinachochuja maji yanayotoka kwenye tangi, ndicho chenye kazi kubwa: shimo lenye kina cha sentimita 60, sakafu isiyovuja, changarawe za milimita 10 hadi 20, na matete yaliyopandwa juu. Kwa joto la huku, mita 3 za mraba kwa kila mtu zinatosha, yaani kama 190 kwa kambi hii. Matete yakatwe na kuondolewa. Yakiozea pale pale, rutuba yote yaliyoinyonya hurudi majini. Na jiki isimwagwe chooni kwa ndoo, maana huua bakteria wanaosafisha uchafu. Maji ya bwawa la kuogelea, yenye klorini, nayo yasielekezwe huko.

Mahali pa kuchimba ni muhimu kuliko ukubwa. Tangu mwaka 2010 hivi ziwa limepanda hadi likameza lango kuu la zamani la Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru. Maji mengi yalipunguza makali ya chumvi, mwani ambao ni chakula cha heroe (flamingo) ukapungua, na heroe wengi wakahamia Ziwa Bogoria. Anayechimba tangi leo kwa kutazama ukingo wa leo anajenga mahali ambapo ziwa linaweza kufika kesho. Kitanda cha matete kikizama, kila kilichomo kinaingia ziwani.

Kuhusu maji ya kunywa, mtu wa Nakuru hahitaji kuelezwa floraidi ni nini. Meno ya kahawia yanaeleza: ni madini ya majini ambayo yakizidi huyatia meno rangi. Kiwango kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Bonde la Ufa vinakipita. Mashine ya kuchuja huondoa floraidi, lakini huacha maji mengine yenye chumvi iliyokolea, na hayo pia yatafute pa kwenda. Naona mvua ni bora. Paa la mabati la mita 300 za mraba, kwenye nyumba za wafanyakazi, likipata milimita 900 kwa mwaka na kupoteza sehemu ya tano, huvuna lita 216,000. Watu 64 wakitumia lita 5 kila mmoja kwa kunywa na kupikia, kambi ikiwa imejaa mwaka mzima, ni lita 116,800. Chupa za plastiki hazina kazi hapo, na tangu Juni 5, 2020 zimepigwa marufuku ndani ya hifadhi za taifa.

Sasa pesa za uhifadhi. Kule Mara, kambi nyingi hulipa kodi ya ardhi kwa familia za Kimaasai ili wanyama wapate pa kupita. Nakuru mfano huo hautoshi, kwa kuwa hifadhi imezungukwa na ua wa umeme. Vifaru hawatoki, ila maji ya Mto Njoro yanaingia na udongo wa mashamba ya juu. Jirani anayestahili kulipwa ni mkulima wa ukingo wa mto. Naivasha walijaribu njia hii kwenye bonde la Malewa: watumiaji wa maji wa chini waliwapa wakulima wa juu vocha kwa kupanda nyasi na kutunza kingo.

Kambi ikitenga shilingi 500 kwa kila mgeni kwa usiku, nayo ikiwa nusu tupu, ni shilingi 2,190,000 kwa mwaka. Zinunue nyasi za nepia na miche ya asili ya kuziba ukanda wa mto, ambao kanuni za maji zinautaka uwe mita 6 hadi 30. Malipo ya mkulima yatolewe baada ya kiangazi, kwa mita za ukanda zilizobaki kijani, wala si kwa idadi ya miche iliyoshushwa kwenye lori.