Shamba Lako Liko Wapi?

Msimu wa 2018/2019, serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wahakiki walifika kijijini kwetu huku Newala. Mjomba alikuwa ameshapeleka magunia yake ghalani, stakabadhi anayo mfukoni. Wakamuuliza swali moja tu: "Mzee, shamba lako liko wapi?" Akatangulia na panga lake, akawaonyesha mkorosho mmoja mmoja, hata ule uliokauka upande wa makaburini. Walikuwa wakiwasaka watu wa kangomba, wale wenye shehena ya korosho na hawana hata mche.

Swali hilohilo nataka Morocco iulizwe kuhusu fosfeti, mwamba wa kutengenezea mbolea, ya Sahara Magharibi, nchi ya jirani yake upande wa kusini.

Fosfeti hiyo huchimbwa Bou Craa, ikapitishwa kwenye mkanda wa karibu kilomita 100 hadi baharini. Wenye ardhi, Wasahrawi, maelfu kwa maelfu wamezeekea kwenye kambi za wakimbizi karibu na Tindouf, Algeria, na wajukuu wamezaliwa humo. Mwaka 1975 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema haikuona uhusiano unaoipa Morocco mamlaka juu ya ardhi ile. Morocco ikaingia hata hivyo, ikaikalia. Mwaka 1991 Umoja wa Mataifa ulipeleka ujumbe wa kusimamia kura ya maoni, na kura hiyo haijapigwa mpaka leo.

Kwa hiyo siamini tena shinikizo la maazimio matupu. Naamini la kugusa mzigo. Mei 2017 meli ya Cherry Blossom ilizuiwa Port Elizabeth, Afrika Kusini, ikiwa na zaidi ya tani 50,000 za fosfeti hiyo, safari ya New Zealand. Wasahrawi walikuwa wamekwenda mahakamani, na Februari 2018 wakashinda: mzigo ni wao. Oktoba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya nayo ikathibitisha kubatilishwa kwa mikataba ya uvuvi na mazao na Morocco, kwa kuwa Wasahrawi hawakuridhia.

Sisi Tanzania tumeitambua jamhuri yao tangu 1978. Na hapa kusini hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Wapiganaji wa FRELIMO, waliopigania uhuru wa Msumbiji, walipata mafunzo yao Nachingwea, jirani zetu kabisa. Lakini mfuko wa mbolea ninaonunua dukani umeandikwa uzito na virutubisho, haukuandikwa mwamba ulichimbwa wapi. Naiomba serikali yangu iwaamuru waagizaji walitaje shimo ilikotoka fosfeti, na itakayotoka Bou Craa bila ridhaa ya Wasahrawi isishushwe bandari ya Mtwara, wala Dar es Salaam, wala Tanga.