Kumzungusha muuguzi mpya wodini: mafunzo au kuziba pengo?

Muuguzi aliyehitimu karibuni akae wodi moja hadi aive, au azungushwe wodi kadhaa? Wanaotetea mzunguko wana hoja nzito, nami nakubaliana nao kwa mengi. Magonjwa hayafuati mipaka ya wodi. Mama aliyejifungua anaweza kuwa na kisukari, na mzee aliyevunjika nyonga anaweza kubanwa na pumzi usiku wa manane. Aliyepitia wodi ya upasuaji anajua kwamba mgonjwa akivuja damu kwa ndani, mara nyingi mapigo ya moyo huanza kwenda mbio kabla shinikizo la damu halijashuka. Jicho hilo akienda nalo wodi ya wazazi, linaweza kuokoa mama anayetokwa damu baada ya kujifungua.

Ila kila wodi ina kawaida yake. Pumzi 40 kwa dakika kwa mtoto mchanga hazimshtui mtu. Kwa mtu mzima, ambaye kawaida yake ni 12 hadi 20, ni hatari. Dozi za watoto wengi hupigwa hesabu kwa kilo, na kosa la kuweka nukta ya desimali mahali pasipo pake linaweza kuzidisha dawa mara 10. Mwenyeji wa wodi hutambua mambo haya kwa kutazama tu, wakati mgeni bado anakumbuka alichosoma. Patricia Benner, mtafiti wa uuguzi wa Marekani, alieleza mwaka 1984 ngazi 5 za kukua kwa muuguzi. Ngazi ya 3, ile ya umahiri wa kutegemewa, aliiweka kwa aliyefanya kazi katika mazingira yanayofanana kwa miaka 2 au 3. Akaongeza kwamba hata mzoefu akihamia asikokujua hurudi kuwa mwanagenzi. Sasa fikiria kijana anayehamishwa kila baada ya wiki 6, hata majina ya wenzake hajayazoea.

Linaloniuma zaidi ni hili: mara nyingi kinachoitwa mzunguko ni kuziba pengo. Wodi fulani imepungukiwa watu leo, basi aliye mpya ndiye anayetumwa, kwa kuwa hana sauti ya kukataa. Anapokea zamu peke yake, hajui hata kitoroli cha dharura kinakaa wapi. Huko ni kumweka mgonjwa hatarini, na kijana mwenyewe huvunjika moyo mapema.

Kwangu mimi, apewe kwanza wodi moja iwe kama nyumbani kwake kwa miezi 6 au zaidi, kisha apelekwe wodi zinazokaribiana na ile aliyoizoea, chini ya mlezi mmoja, yaani muuguzi mzoefu wa kumwongoza, anayejulikana kwa jina, na aweze kusema “hili sijawahi kulifanya” bila kukemewa. Mpango huo una gharama, kwa sababu mlezi naye lazima apunguziwe wagonjwa.

Atakayetaka kujua hospitali yake iko upande gani aangalie ratiba ya zamu. Kama siku ya kwanza katika wodi ngeni jina la muuguzi mpya limehesabiwa kama mtu kamili wa kubeba wagonjwa wake peke yake, hapo hakuna mafunzo.